Mkia wa Malkia

"Kwanza nirudishie sahani yangu, ndipo uje kunifundisha habari za haki!"

Sulasmi alisema hivyo fungu la kunde likiwa hewani kama bakora. Wanawake watano waliokuwa wameizunguka pikipiki ya mboga ya Bi Darmi walinyamaza kwa pamoja, kile kimya cha watu wasiotaka kukosa hata neno moja. Bi Darmi mwenyewe, ambaye siku nyingine hupiga honi na kuondoka zake mteja akichelewa kuchagua nyanya, alizima injini.

"Sahani nitairudisha, sijahama," Partinah alijibu. "Wewe nijibu nilichouliza. Jumapili kumi na mbili! Watu arobaini kila Jumapili, ndoana mbilimbili, na samaki mmoja mwekundu wa kilo tatu na nusu hajaonekana hata pezi. Huyo ni samaki au ni jini?"

"Samaki hakati tiketi, Mama Wening. Akitaka kula atakula, asipotaka hali. Mkosi wa mumeo usiubandike kwa mume wangu."

"Mume wako ndiye mshika mizani pale bwawani."

"Anashika mizani, hashiki matumbo ya samaki!"

Wakacheka wote, hata Partinah nusura acheke. Lakini alikuwa amekuja na neno lake kutoka nyumbani, na neno la kulala nalo usiku kucha halirudi ndani bila kusemwa.

"Mume wako analishwa na lile bwawa, Mama Lintang. Wangu ndiye anayelilisha. Tofauti yetu ni hiyo tu."

Bi Darmi alimwomba Mungu msamaha kwa sauti ya chini, kama kwamba yeye ndiye aliyesema. Sulasmi aliziweka kunde taratibu.

"Haya. Tumeelewana. Sasa na mimi niseme langu. Karibu miezi mitatu sahani yangu ya maua ya bluu iko rafuni kwako. Nilikuletea ikiwa imejaa samaki, mchuzi unamwagika mpaka kwenye vidole. Hata kipande cha muhogo hakijarudi nayo. Mimi na wewe, nani analisha nani?"

Uso wa Partinah ulipata moto. Kwetu huku sahani ya jirani hairudi tupu. Afadhali ivunjike ulete mpya. Na kila mmoja pale alijua kwa nini sahani ile haikurudi. Mayai ya bata ya nyumba ile, karanga zake, hata nazi, vyote vilikuwa vinapondwa na kufinyangwa kuwa chambo.

Alilipia bizari ya elfu mbili akaondoka bila kuchukua chenji. Hilo peke yake lilituambia amepigwa mahali penyewe.

* * *

Samaki huyo mwekundu, jina lake Malkia, ndiye ambaye Pak Gunadi, bwana mwenye bwawa la kuvulia pale nyuma ya kiwanda cha matofali, alimtia majini mbele ya umati, na pete ya waya wa shaba mkiani mwake, na kwenye pete kibati chenye namba. Atakayemtoa kwa ndoana anaondoka na pikipiki mpya. Pikipiki ilisimama palepale langoni, imefunikwa nailoni, na watu walikuwa wakiipapasa kama ng'ombe wa mnada. Tiketi ya kukaa ilikuwa rupia laki moja, na nafasi ya kukaa inaokotwa kwenye kopo: ukipata namba ya kwenye kivuli, shukuru, ukipata ya upande wa mifereji, vumilia.

Ngadiran, mumewe Partinah, hakukosa Jumapili hata moja. Kazi yake ni kushona viti vya pikipiki. Tangu ujana wake viti vya pikipiki za watu vimepita mikononi mwake kwa mamia, na yeye huenda kununua uzi kwa baiskeli. Ukijua hilo huwezi kumlaumu sana. Unaweza kumlaumu kidogo.

Partinah aliporudi na bizari yake alimkuta ameketi sakafuni, anaifuta cherehani kwa kitambaa chenye mafuta. Kubwa ile ya chuma, ya kushonea ngozi. Alikuwa anaifuta hadi chini ya miguu.

"Unaisafisha ya nini?"

"Chuma kinataka kusafishwa."

"Baba Wening."

Hakuinua macho. "Kuna mtu wa Delanggu anakuja Jumamosi saa nne. Milioni moja na laki mbili."

Partinah aliketi kwenye kizingiti.

"Jumapili hii ndiyo ya mwisho," Ngadiran alisema kwa haraka, maneno yakisukumana. "Pak Gunadi katangaza, pikipiki ikikosa mtu inarudi dukani. Na safari hii mtu mmoja anaruhusiwa kununua viti vya kuvulia hata vitano. Vitano, Mama Wening! Wengine wamekata tamaa, wamebaki watu thelathini. Nikiwa na viti vitano, mishipi kumi, bwawa lote nimelizunguka. Nikimpata, nauza pikipiki, nanunua cherehani mbili."

"Na usipompata?"

"Nitampata."

"Na kama hayumo?"

Hapo ndipo alipoinua macho, na Partinah akaona kwamba swali lile si geni kwake. Alikuwa amelala nalo zamani. "Nikisema hayumo," alisema polepole, "basi zile Jumapili kumi na mbili nilikuwa nafanya nini?"

Binti yao Wening alipitisha kichwa akauliza kama kuna yai. Mayai yalikuwamo, sita, kwenye kopo lenye alama ya kalamu: CHAMBO.

* * *

Ijumaa Partinah alijifunga mtandio wake wa kutokea akaenda bwawani mwenyewe. Hakuwahi kufika. Langoni alidaiwa elfu tano za mtazamaji.

"Sikuja kutazama, nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nako unatumia macho," kijana wa lango alimwambia. Akalipa.

Kulikuwa na wavuvi kama kumi wa siku za kawaida, wa kuvua kwa kilo. Mmoja alimtambua. "Ee jamani, mke wa Ngadiran kaja kumkokota mumewe kabla hajafika!" Vicheko vikapita juu ya maji. Partinah alitembea ukingoni, ndala zikipiga kisigino, mpaka kwenye kibanda cha Pak Gunadi.

Pak Gunadi ni mtu mpole. Tunasema hivyo hata leo. Alisimama, akamvutia kiti, akaagiza chai ya tangawizi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mikono kaikunja tumboni.

"Bu Partinah," alisema, akimwita mama kwa heshima, "hapa watu hawanunui samaki. Wananunua Jumapili. Kivuli, wenzao, roho kudunda chelezo kikizama. Tiketi ni ya kukaa, si ya kushinda. Imeandikwa nyuma."

"Sikatai, Pak. Naomba kitu kimoja tu. Nionyeshe kwamba yumo."

"Nilikaushe bwawa?"

"Hata kwa wavu."

Alitabasamu kwa huruma. "Bahati haionyeshwi, Bu. Ikionyeshwa si bahati tena, ni bidhaa ya sokoni."

"Na mtu akilipia kutafuta kitu kisichokuwapo, Pak, hiyo nayo tunaiita Jumapili?"

Tabasamu halikuondoka, ila lilikauka. "Kunywa chai yako kabla haijapoa," alisema, akainuka kwenda kumsalimu mteja.

Partinah hakuinywa. Aliinuka, na kwa kuwa hakutaka kutazamana na wale wavuvi, alitazama juu, kwenye bango. Lilikuwa kubwa kama ukuta wa nyumba: picha ya Malkia ubavuni, mwekundu kama pilipili, na mkia wake umekuzwa pembeni ndani ya duara ili watu waijue pete. Waya mnene wa shaba. Umesokotwa mara tatu, si mbili. Na ncha yake imekunjwa kurudi ndani, kijicho kidogo, ili isimchome samaki.

Alisimama pale muda mrefu. Kijana wa lango alimwuliza kama amepotea.

"Hapana," alisema. "Ndio kwanza nafika."

* * *

Jikoni mwake kulikuwa na sufuria moja kubwa ambayo mfuniko wake uling'oka kifundo zamani. Kwa miezi kadhaa Partinah aliufunua kwa kijiko. Kisha akaupatia kishikio: pete ya waya wa shaba, imara, saizi ya bangili ya mtoto mchanga. Aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaifunga pale penye tundu kwa uzi wa kushonea viti.

Sasa aliuweka mfuniko ule mapajani, akahesabu msokoto. Mara tatu. Kijicho ndani.

Ilikuwa mwezi ule kabla ya mfungo, wakati nyumba zote za uchochoro wetu hupelekeana vyakula, sahani zinapishana njiani kama watu wa sokoni. Sulasmi aliwaletea mkia wa samaki, mkia mzima, umefukizwa kwa moshi wa makumbi kisha ukapikwa kwa tui na pilipili. Nyama ilipodondoka, waya ukabaki, mweusi kwa masizi. Partinah alidhani ndio ule wa kumtungika samaki juu ya moshi. Nani asingedhani? Kila mtu hutungika kwa waya. Na Ngadiran, ambaye angeitambua pete ile gizani, hakuwahi kuiona, kwa sababu katika ndoa yao ya miaka kumi na sita hakuwahi kufunua sufuria. Hufunuliwa.

Partinah akaenda kwa Sulasmi, ila hakupita mbele. Alipita mlango wa nyuma, kwenye kamba za nguo, mfuniko chini ya mtandio. Kasdi, mume wa Sulasmi, alikuwa ameketi kwenye kigoda anatia kiraka mpira wa baiskeli. Partinah aliuweka mfuniko mbele yake, kando ya beseni la maji.

Kasdi aliutazama. Mpira ulitoa povu moja, halafu jingine.

"Msokoto wa nani huu, Mas Kasdi?" alimwuliza, akimwita kaka kama siku zote.

Angeweza kusema hajui. Partinah alimwona anavyolitafuta neno hilo, analishika, analiacha.

"Wangu."

"Alikufa lini?"

"Wiki ya pili. Jumatano." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kipimo. "Nilimkuta anaelea upande wa mifereji. Nikamwambia Pak Gunadi. Akasema, fukia. Nikamwuliza, tutangaze? Akasema, tangaza, kama umechoka na kazi."

"Mbona hukumfukia?"

"Kilo tatu na nusu, Mama Wening. Macho yake yalikuwa bado maangavu. Kukifukia chakula…" Alitikisa kichwa. "Nilikikata kibati, nikamfunga kwenye gunia, nikaja kumfukiza. Waya nikausahau."

"Na mkia ukatuletea sisi."

Ndani, mwiko wa Sulasmi ulikuwa umeacha kugonga.

"Mas Ngadiran nilijua hatalegea," Kasdi alisema mwishowe, kwa beseni zaidi kuliko kwa Partinah. "Wengine wanakuja, wanaacha. Yeye kila Jumapili ananipa mkono, ananiuliza habari za mgongo wangu. Nikaona kumwambia siwezi. Basi angalau amle."

Sulasmi alitoka jikoni, mwiko mkononi unadondosha mchuzi miguuni pake. "Uliniambia umemnunua kwa bei ya mfanyakazi."

Kasdi aliuzamisha mpira tena. Sulasmi akamgeukia Partinah, kwa kuwa hasira hupenda mtu wa nje.

"Umefurahi? Haya, katangaze. Na Lintang ada yake ya chuo italipwa na nani, na wewe?"

"Nisiposema, cherehani inaondoka kesho saa nne."

"Cherehani ni chuma!"

"Ni chuma kinachotulisha, Mama Lintang. Kama mizani yako."

Hakuna aliyemshinda mwenzake. Partinah aliokota mfuniko wake akarudi chini ya kamba za nguo, na shuka lililolowa la Sulasmi likampiga usoni.

* * *

Mtu wa Delanggu aliwahi, saa tatu na nusu, na gari la kuazima na kamba. Cherehani ilikuwa mlangoni tayari, imevalishwa shuka kama bibi harusi. Ngadiran alikuwa anamwonyesha jinsi gurudumu linavyozunguka bila kelele, Partinah alipotoka na mfuniko.

"Baba Wening, hiki nini?"

"Mfuniko. Hebu subiri, nina mgeni."

"Na hiki juu yake?"

Alitaka kukasirika. Halafu akaona. Alikuwa amekaa Jumapili kumi na mbili chini ya lile bango, alikuwa anaijua pete ile kuliko anavyozijua kucha zake. Aliushika mfuniko kwa mikono miwili, akauzungusha kuelekea mwanga. Mara tatu. Kijicho ndani.

"Umetoa wapi?"

"Kwenye sahani ya bluu ya Mama Lintang. Mkia ule, mwezi kabla ya mfungo. Kasdi kasema mwenyewe."

Ngadiran alijishika tumbo, polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Nilimla?"

"Ulimla mara mbili. Ulisema mkia mtamu kuliko kichwa."

Mgeni alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Samahanini," alisema, "cherehani inauzwa, au tunakumbushana vyakula?"

Ngadiran hakuwa anamsikia. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Wiki ya pili. Kutoa mbili, zinabaki kumi. Jumapili kumi ametupa ndoana majini kumtafuta samaki aliyekuwa amekwisha kupita tumboni mwake. Partinah alijiandaa kwa kelele. Alijiandaa hata kwa kofi, ingawa hajawahi. Badala yake Ngadiran alilivua shuka kutoka kwenye cherehani, akalikunja pembe kwa pembe, akampa mkewe.

"Haiuzwi, Pak," alimwambia mgeni. "Nisamehe kwa mafuta ya gari."

Yule mtu alidai elfu hamsini za mafuta, na alilipwa kwa mayai sita ya bata na ahadi ya kushonewa kiti.

* * *

Jumapili tulijaa bwawani. Habari ilikuwa imetangulia; Bi Darmi anauza mboga lakini anagawa habari bure. Ngadiran alikuja bila fimbo ya kuvulia, mfuniko kaufunga kwenye kitambaa. Pak Gunadi alikuwa na kipaza sauti, kopo la namba limeinuliwa tayari.

"Mas Ngadiran! Viti vitano, si ndiyo?"

"Sikuja kukaa, Pak." Si msemaji, Ngadiran, masikio yalikuwa mekundu. Alifungua kitambaa, akauinua mfuniko juu. "Nimemleta Malkia. Kilichobaki chake."

"Kaja kupika huyo!" mtu alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Lakini waliokuwa karibu na bango walitazama juu, wakatazama mfuniko, kicheko kikaanza kuoza kuanzia upande ule.

Pak Gunadi aliuchukua mfuniko, akautazama kwa adabu zote. "Waya wa namna hii umejaa dukani," alisema kwenye kipaza sauti. "Lakini tusidhulumiane. Yupo hapa aliyeisokota pete ya Malkia kwa mkono wake. Pak Kasdi, njoo. Hii ni kazi yako?"

Aliliuliza swali hilo kwa upole, na jicho lake lilikuwa linauliza jingine.

Kasdi alitoka nyuma ya mizani. Aliukata ule uzi kwa meno, akaitoa pete kwenye mfuniko, akaiweka kiganjani. Sulasmi alikuwa amesimama nyuma yetu, kajifunika mtandio mpaka puani, nasi tulijifanya hatumwoni.

"Ni yangu," Kasdi alisema. "Malkia alifariki wiki ya pili. Tulimla. Mimi, mke wangu na jirani yangu."

Kisha kila mtu akaanza kusema, na juu ya wote akasikika Pak Gunadi, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa chake.

"Mmemsikia kwa masikio yenu! Mimi nimekaa miezi mitatu nauliza Malkia yuko wapi, kumbe kaliwa na mtu wangu mwenyewe! Nimeibiwa mimi, mmeibiwa ninyi!"

"Ulinituma nimfukie!" Kasdi alisema, lakini bila kipaza sauti.

"Kausheni bwawa!" akapiga kelele mmoja. "Rudisha hela!" mwingine. Pak Gunadi aliinua mkono. Bwawa anaweza kulikausha, alisema, hata sasa hivi. Ila likikaushwa leo hakuna kuvua, na tiketi za leo zimekwisha kukatwa, na nyuma zimeandikwa. Wasipolikausha, pikipiki leo ni ya atakayetoa samaki mzito kuliko wote. Wachague.

Ningependa kusema kwamba watu waliondoka. Sita waliondoka. Wengine walitazama chini, wakatazama tiketi zao, wakatazama pikipiki. "Nimeshalipa, bwana," mmoja aliniambia, kama kwamba nimemwuliza. Robo saa baadaye vyelezo vilikuwa juu ya maji.

Pikipiki aliichukua mtu wa mbali ambaye hakuna anayemjua jina. Wapo wanaosema waliiona wiki iliyofuata uani kwa mpwa wake Pak Gunadi, imepakwa rangi nyingine. Sikuiona kwa macho yangu. Nimeisikia tu, kwa watu watatu tofauti.

Kasdi hakusubiri kufukuzwa. Aliifunika mizani kwa kitambaa chake, kama alivyofanya kila jioni, akatoka langoni akiburuta baiskeli yenye mpira wa kiraka. Kesho yake alionekana kiwanda cha matofali, anapakia, na mgongo wake ule.

* * *

Wiki mbili Sulasmi alikuwa akinunua mboga kwa Bi Darmi akiwa wa mwisho, sote tukiwa tumekwisha kuondoka. Akikutana na Partinah uchochoroni, mmoja alikumbuka kitu alichosahau nyumbani. Bango jipya lilipandishwa bwawani, friji la milango miwili. Ngadiran akienda kununua uzi alianza kuzungukia njia ya msikitini isiyopita bwawani, ndefu kwa kilomita nzima, na Partinah alikuwa akiangalia saa ya ukutani mpaka arudi. Hakumwuliza kitu. Alinusa tu mikono yake kama ina chambo.

Siku ya kumi na tano, adhuhuri, Sulasmi alisimama mlangoni. Hakuvua ndala.

"Nimekuja kuchukua sahani yangu."

Partinah aliiteremsha rafuni. Ilikuwa safi, alikuwa akiifuta kila Ijumaa. "Ngoja niweke kitu."

"Usiweke. Nipe hivyohivyo."

"Tupu?"

"Tupu. Tumalizane."

Wening aliyekuwa anatandika jamvi alisimama na jamvi mkononi. Hata mtoto alijua neno hilo linakata nini. Ngadiran, kwa kutojua pa kuweka macho, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: aliinuka akaenda kufunua sufuria. Kishikio hakikuwapo tena, pete ilikuwa imebaki bwawani. Alishika ukingo kwa vidole vitupu, akaruka, mfuniko ukaanguka kwa kishindo na kuzunguka sakafuni, ukazunguka, ukazunguka.

"Tumia kitambaa, wewe!" Sulasmi alifoka. "Vidole hivyo ndivyo unavyoshonea!"

Halafu akaziba mdomo, kwa kuwa hilo si neno la mtu aliyekuja kumalizana.

Mvuke ulikuwa unapanda: mboga za tui, vipande vya tempe ya soya, na mayai ya bata manne yaliyogeuka rangi ya bizari. Partinah aliijaza sahani ya bluu wali, akachota mchuzi, akaweka yai juu. Akatafakari, akaongeza la pili. Hakumpa. Aliiweka jamvini, upande unaotazama mlango.

"Samaki leo hakuna," alisema. "Na sahani yako haitoki humu tupu, wala sina cha kuifunikia njiani. Vua ndala, Mama Lintang. Wening, kimbia kiwandani ukamwite Baba Lintang, mwambie aache matofali. Ingia, tule."